Injini ya dizeli haipandi moto? Anza hivi kabla ya kununua chochote

Wiki iliyopita nimemsaidia jirani, gari lake la dizeli mshale wa joto unakaa chini hata akiendesha saa nzima, mafuta yanaisha haraka, hita inatoa hewa ya vuguvugu tu. Alishaambiwa anunue sensa ya joto, lakini mbovu ilikuwa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto. Wengi tunaogopa injini kuchemsha tu, kumbe ya baridi nayo inaumia, dizeli isiyoungua vizuri inashukia kwenye oili, na kama gari lina kichujio cha masizi kompyuta haikisafishi mpaka injini ipate moto, mwisho kinaziba.

Hatua ya 1: Skana
Asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, chomeka skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) usome joto la kulanti, yaani maji ya kupoza injini. Lazima likaribiane na joto la hewa. Likipishana sana, hapo ndo uangalie sensa na waya zake. Geji ya dashibodi achana nayo, nyingi zinakaa katikati hata joto likibadilika digrii kadhaa. Kodi P0128 ikitokea inamaanisha injini inachelewa kupata moto, haikwambii kilichoharibika ni nini.

Hatua ya 2: Barabarani
Usipimie gari likinguruma limesimama, dizeli bila mzigo inatoa joto kidogo sana na hata injini isiyo na tatizo itaonekana mbovu. Endesha dakika 20. Joto likipanda hadi digrii 80 kwenye mlima halafu likashuka hadi 60 ukiteremka, themostati imekwama wazi, mimi sihitaji ushahidi mwingine.

Hatua ya 3: Mpira wa juu wa rejeta
Washa injini ya baridi, ushike. Ukianza kupata moto mapema, maji yanapita kabla ya wakati. Kuna injini themostati iko upande wa mpira wa chini, kwa hiyo jua yako iko wapi kwanza. Mikono mbali na feni. Na feni yenyewe, kama inavuma kwa nguvu muda wote hata injini ikiwa baridi, icheki.

Hatua ya 4: Sufuria
Hapa ndo niliwahi kupoteza siku nzima kwenye gari langu. Nilifunga themostati mpya, joto likabaki vilevile, nikabadilisha sensa, nikafuatilia waya, nikasafisha plagi zote za waya, mpaka jioni nikaitoa ile mpya nikaipima. Imeandikwa digrii 88, ikafunguka kwenye 71! Tangu siku hiyo hata mpya sifungi bila kuipima.

Toa themostati, ibinye valvu yake ifunguke kidogo, pitisha uzi, iachie iubane, halafu ining'inize kwa huo uzi ndani ya sufuria ya maji ya baridi pamoja na kipimajoto. Visiguse kitako wala ubavu wa sufuria, maana chuma kina moto kuliko maji na utasoma uongo. Moto mdogo, koroga taratibu, usiondoe macho. Valvu ikianza kufunguka uzi unaachia na themostati inadondoka, soma hapohapo. Ikipishana digrii 2 au 3 na namba iliyoandikwa sio neno. Usitegemee ifunguke yote palepale, inahitaji digrii 10 na zaidi juu ya hapo, na ukiwa sehemu ya mwinuko, mita 1,500 maji yanachemka kwenye 95 tu, kwa hiyo isipofunguka yote usiitupe. Ikipoa lazima ijifunge kabisa, iinue kwenye mwanga uone.

Kuitoa moja kwa moja ukaendesha bila, naomba usifanye. Kuna injini ambazo themostati ndiyo inaziba njia fupi ya maji, ukiitoa maji yanazunguka bila kufika rejeta na kwenye mzigo injini inachemsha.

Hatua ya 5: Rudisha
Gasketi mpya, kile kitundu cha themostati chenye kipini kikae juu ili hewa itoke, jaza kulanti, toa hewa, rudi barabarani na skana. Ya jirani sasa inasoma 86 mpaka 89 hata kwenye mteremko.