Umestaafu jeshi: cheo unakiandika wapi, unakiacha wapi

Mi nina steshenari jirani na kambi, mwaka wa tisa sasa, na mzee wangu mwenyewe ni Meja mstaafu, kwahiyo hili jambo linapita mikononi mwangu kila wiki. Mtu anakuja na karatasi yake, mwanangu niandikie barua, tukifika pale juu kwenye jina anasita. Tuweke Kapteni? Tuweke mstaafu? Au jina tu linatosha? Wengine wanasema ukishavua kombati cheo kinabaki getini, wengine wanasema nimekitolea jasho miaka 25 nani wa kuninyang'anya. Mi naamini cheo ni chako mpaka unaingia kaburini, ila uraiani kazi yake ni kumwambia mtu umetoka wapi, basi. Ukiona kimeanza kumtisha mtu ujue umeshakosea, na yote ninayoelekeza hapa yanatokana na hilo.

Tuanze na kuandika kwenyewe maana hapo ndo wengi wanakwama. Inaanza cheo, halafu mstaafu, halafu jina: Kanali (Mst.) Fulani wa Fulani, au bila mabano, Kanali mstaafu Fulani. Kama ana udaktari, cheo cha jeshi kinatangulia, Kanali (Mst.) Dkt. Fulani. Hilo neno mstaafu usiliruke hata kama nafasi kwenye kadi ni ndogo, punguza herufi lakini liwepo. Katiba yetu ya Tanzania ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, haki yake ni kupiga kura tu, sasa we umestaafu vizuri unagombea udiwani af bango lako limeandikwa Meja Fulani peke yake, mpita njia ajue vipi kama uko jeshini au umeshatoka? Unaliingiza jeshi kwenye kampeni ambayo haliihusu. Waliotutangulia walilijua hili, vyama vingi viliporudi mwaka 1992 wanajeshi waliokuwa kwenye siasa ikabidi wachague moja, Jakaya Kikwete akachagua siasa akatoka jeshini akiwa Luteni Kanali.

Na ukimwangalia yeye, cheo kile watu wengi hata hawakikumbuki, amekuwa Dkt. Kikwete, Rais mstaafu. Wanasiasa wenzake nao, Abdulrahman Kinana amebaki Kanali mstaafu kwenye midomo ya watu, Yusuf Makamba ni Luteni mstaafu, George Mkuchika ni Kapteni mstaafu. Wote wako sawa, hii ni hiari ya mtu. Nawaambia hivi kwasababu kuna maafisa vijana waliotoka mapema wanaona aibu kuandika Luteni, eti ni kidogo. Uingereza ndo wana hiyo desturi kwamba kwa jeshi la nchi kavu mtu anabaki na cheo chake kuanzia Kapteni kwenda juu, na ndo maana yule mzee Tom Moore, aliyekuwa anazunguka bustanini kwake na kigari cha kushikilia mwaka 2020 akachangisha zaidi ya pauni milioni 30 za huduma ya afya, dunia nzima ilimjua kama Captain Tom, na jeshi alishaliacha tangu miaka ya 40. Huku kwetu Luteni anaitwa Luteni na hakuna anayemcheka.

Kwenye CV ndo mahali pa kukiweka kabisa, ila usikiache kisimame peke yake kwasababu anayesoma ni dada wa rasilimali watu ambaye hajawahi kukanyaga kambini. Kuna Kapteni mmoja alikuja na CV imeandikwa "kamanda wa kombania" mstari mmoja tu, chini yake kozi kumi na mbili. Nikamuuliza afande, kombania ni watu wangapi? Akasema mia na ushee. Chakula chao nani alikuwa anasimamia? Mimi. Magari? Mimi. Mtu akiumwa usiku? Mimi. Tukaandika hayo yote, watu zaidi ya mia, stoo, magari, mafunzo, nidhamu, kwa maneno ya kiraia, na cheo kikabaki pale juu kidogo. Alipotoka kwenye usaili alipita kuniambia wamemuuliza habari za magari tu karibu nusu saa, mpaka matairi alikuwa anayatunzaje. Luteni naye asiseme tu "platuni", aseme aliongoza watu kama thelathini akiwa na umri wa miaka 24, hiyo ni kubwa, vijana wangapi wa miaka 24 uraiani wamepewa watu thelathini? Hata huko juu ni hivyohivyo, Jenerali mstaafu Mwamunyange alipoteuliwa mwenyekiti wa bodi ya DAWASA, ile mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, au Jenerali mstaafu Mabeyo kwenye bodi ya hifadhi ya Ngorongoro, cheo kilitajwa na kilimwambia msomaji huyu ameshawahi kuongoza kitu kikubwa.

Kadi za harusi weka, kibao cha shukrani weka, makala ya ulinzi au historia weka, ukialikwa kuongea na wanafunzi weka. Kwenye biashara yako mwenyewe fikiria mara mbili, kampuni ya ulinzi sawa inaeleweka, lakini dawa za chupa, viwanja visivyo na hati na vikundi vya upatu, hapo cheo chako kinatumika kuwavua watu pesa, na akikufuata mtu kukuomba uwe "mlezi" wa kikundi muulize kwanza vitabu vya hesabu viko wapi.

Sasa mahali ambapo hapatakiwi cheo hata kidogo ni kwenye ugomvi. Hili naliongea kwa uchungu kwasababu nilishiriki. Mwaka wangu wa pili pale steshenari alikuja mzee mmoja mstaafu, ana shida ya mpaka na jirani yake, akaniambia niandike cheo chake kwa herufi kubwa juu na tena chini kwenye sahihi, nikaandika, nikachapa, akalipa. Siku mbili baadae anaingia mama mjane anayeuza maandazi pale stendi, kashika karatasi imekunjwa mara nne ina alama za mafuta, ananiambia mwanangu nisomee hii. Ilikuwa ileile. Nikasoma huku najisikia vibaya, nilipomaliza hakuuliza habari ya mpaka, aliuliza, "Huyu ana amri ya kuleta wanajeshi wavunje?" Hakuna mstari kwenye ile barua uliosema hivyo. Kile cheo tu kilitosha. Tangu siku hiyo barua ya mpaka, ya deni, ya mpangaji, ya mirathi, naandika jina na namba ya simu, na mtu akisisitiza namweleza kisa hiki, wengi wakisikia wanakubali wenyewe kufuta. Mkiwa na kesi nenda baraza la ardhi na hati zako kama mtu yeyote. Kwa trafiki vilevile, toa leseni. Foleni ya hospitali vilevile. Na watoto muwaambie mapema, cheo cha baba hakitajwi shuleni wala kwa bodaboda.

Sare usiguse. Kuvaa sare za jeshi kwa asiye mwanajeshi ni kosa kisheria, Agosti 2023 jeshi letu, JWTZ, walitangaza siku saba watu wasalimishe sare na mavazi yanayofanana nazo, kwahiyo hata ile kofia uliyobaki nayo usiipe mjukuu achezee. Medali zako ni kitu kingine, Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai utawaona wazee na suti zao medali kifuani, inapendeza sana.

Kuitwa je? Hapo usidai, acha watu wenyewe waamue. Jenerali David Musuguri, aliyeingia KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki, mwaka 1942, akaongoza wanajeshi vita vya Kagera na baadae akawa Mkuu wa Majeshi, alistaafu akaishi Butiama na watu waliendelea kumwita Jenerali mpaka anafariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Mzee wangu mimi mtaani wanamwita Meja, msikitini wanamwita Mzee, mama anamwita baba fulani, na anaitika kote. Ila kuna kitu nilikiona kwake nataka wastaafu wakishike. Kuna Sajini mmoja aliwahi kuwa chini yake, kiumri amemzidi kama miaka kumi, walikutana dukani kwangu. Baba akawahi, "Shikamoo kaka." Yule mzee visigino vikajibana vyenyewe, mikono ikanyooka, "Marahaba, afande." Wakashikana mikono muda mrefu. Uraiani umri unatangulia, we toa shikamoo kwanza, cheo chako yeye atakurudishia akipenda.

La mwisho ni makaratasi. Usiku mmoja familia ilikuja kuchapa ratiba ya mazishi, wakaanza kubishana mbele ya mashine, marehemu ni Kapteni au Meja, maana mtaani aliitwa Meja. Msalaba ulishapelekwa kwa fundi. Ikabidi kijana arudi nyumbani apekue sanduku saa sita usiku ndo ikapatikana barua ya kustaafu, Kapteni, wakampigia fundi asubuhi kabla rangi haijakauka. Kwahiyo chukua bahasha moja, weka nakala ya barua ya kustaafu, namba yako ya jeshi, kikosi cha mwisho na simu ya mtu wa kikosini, juu andika cheo chako cha mwisho kwa usahihi, mkabidhi mkeo au mtoto mkubwa na umwonyeshe inakokaa.