Kupima mauaji yanayofanywa na seli za NK: ni kipokezi kipi kimefanya kazi?

Mwanafunzi niliyemsaidia juzi alikuwa anaziba NKG2D, kipokezi kinachochochea seli za NK (seli za kinga zinazoua seli zenye kasoro), lakini mauaji yanapanda badala ya kushuka. Kama nawe umekwama hapo, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4.

1. Tenga seli za NK. Ni zile zenye CD56 na zisizo na CD3, protini za juu ya seli. Ondoa seli nyingine zote ubaki na NK. Usizinase NK zenyewe, maana kingamwili ikibaki juu yake inaweza kuzichokoza kabla hujaanza.

2. Chagua seli lengwa. Anza na K562, seli za saratani ya damu zinazokuzwa maabara. Hazina HLA ya daraja la kwanza, protini za utambulisho wa seli, kwa hiyo KIR na NKG2A, vipokezi ambavyo ni breki za seli ya NK, hazipati cha kushika. Ila breki kulegea peke yake hakutoshi, lazima kitu kichochee. NKG2D huchochewa na MICA na MICB, protini ambazo seli huzitoa juu ya ngozi yake ikiwa taabani.

3. Changanya. Seli lengwa zipake CFSE, rangi ya kuzitofautisha na NK. NK kumi kwa lengwa moja, kisha tano, kisha moja. Ziache kwa muda wa saa 4, kwenye nyuzi 37 za Selsiasi.

4. Ziba kipokezi. Kinazibwa kwa kingamwili, na hapa usikimbie. Kingamwili ina mikono miwili ya kushika unachokilenga, na ina mkia, Fc. Seli ya NK ina CD16, kipokezi kinachonasa mkia wa IgG (aina ya kingamwili), nacho chaweza kuamsha mauaji bila msaada wa kipokezi kingine. Ukitumia seli lengwa nyingine yenye HLA, ukaifunika HLA hiyo kwa kingamwili nzima ili KIR zisiione, seli itauawa, utashangilia kwamba umeondoa breki, kumbe ni CD16.

Upande wa pili nako kuna mtego. K562 zina CD32, ambayo pia hunasa mikia. Kingamwili nzima dhidi ya NKG2D hushikwa huku na huku, hivyo inaivuta NKG2D na kuichochea. Ndicho kilichompata yule mwanafunzi.

Tumia F(ab')2, yaani kingamwili iliyokatwa mkia. Ni ghali zaidi, nunua tu. Na kingamwili linganishi isiyoshika chochote haitakuonya kuhusu CD16, kwa sababu haikai juu ya seli lengwa. Ongeza kisima (kitundu cha sahani ya jaribio) chenye kingamwili nzima inayoshika protini ya seli lengwa isiyohusika na NK. Mauaji yakipanda hapo, umemjua mhusika.

Hata ukiziba vizuri, usitarajie sifuri: K562 zina protini B7-H6 pia, na NKp30, kipokezi kingine cha kuchochea NK, huiona.

5. Soma na kokotoa. Tia 7-AAD, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa, upitishe kwenye saitometa, mashine inayopima seli moja moja. Chukua asilimia ya lengwa zilizokufa penye NK, toa asilimia ya lengwa zilizokufa zenyewe bila NK, gawanya jibu kwa (100 kasoro asilimia hiyo ya bila NK), zidisha kwa 100. Zilizojifia zikiwa nyingi, mimi natupa sahani nzima. Katika visima vya pembeni pima protini CD107a juu ya NK. Huonekana pale vifuko vya perforini na granzaimu, protini za kuua, vinapofunguka.