Jenomu ya ndege mwimbaji wa porini: kutoka tone la damu hadi ramani ya kromosomu

Miradi mingi ya jenomu (DNA yote ya kiumbe) za ndege huharibikia kwenye kijichupa cha damu, ila kasoro huja kuonekana miezi kadhaa baadaye kwenye kompyuta. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana maabara.

Hatua ya 1: Tafuta jike

Kwa ndege, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti za jinsia, Z na W. Dume ana Z mbili. Ukisoma DNA ya dume, W hutaipata. Jenomu ya kwanza kabisa ya ndege mwimbaji, ya zebra finch iliyochapishwa mwaka 2010, ilitokana na dume. Kama manyoya hayaonyeshi jinsia, fanya PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ya jeni CHD1: mistari miwili kwenye jeli ni jike, mmoja ni dume. Gharama yake ni kwamba Z na W husomwa nusu ya kina cha kromosomu nyingine, hivyo panga kina cha 40x (kila sehemu kusomwa mara 40 kwa wastani), si 30x.

Kumbuka pia kwamba ndege waimbaji wana kromosomu ya ziada iliyomo kwenye seli za uzazi peke yake. Damu haina. Anayeitaka hiyo atahitaji korodani au ovari.

Hatua ya 2: Damu

Vibali kwanza, kikiwemo cha kusafirisha sampuli, ndipo utandaze wavu. Usichukue damu inayozidi asilimia 1 ya uzito wa ndege: wa gramu 12 ni mikrolita 120, na 50 zinakutosha kabisa. Toboa mshipa wa bawa kwa sindano ya geji 27, ikinge kwa kapilari yenye EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande). Heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, achana nayo, huzuia vimeng'enya vya PCR. Gawa kwenye vijichupa vitatu: viwili vigandishwe papo hapo kwenye naitrojeni kioevu (kimoja ni cha Hi-C, njia inayoonyesha vipande gani vya DNA vilikaa karibu ndani ya kiini), cha tatu kiwe na etanoli safi, angalau mara kumi ya ujazo wa damu. Hicho cha etanoli kitikise papo hapo, la sivyo damu inatuama na kuwa donge ambalo ndani yake etanoli haifiki.

Hatua ya 3: Kutoa DNA

Hapa ndipo watu hupoteza wiki nzima. Chembe nyekundu za damu ya ndege zina kiini, za binadamu hazina. Mikrolita moja ina chembe milioni tatu hivi au zaidi, kila moja ikiwa na pikogramu 2.5 hivi za DNA. Piga hesabu: mikrolita moja tu inabeba mikrogramu 7 au zaidi. Mwongozo wa kifurushi cha kutolea DNA (kit) uliotungwa kwa damu ya binadamu unakuambia utie mikrolita 200. Ukifanya hivyo umetengeneza gundi.

Tia mikrolita 5, basi. Kama ni damu ya etanoli, kata kipande kidogo kama punje ya mtama, kikaushe etanoli kwa karatasi, kisha kiache kwenye bafa yenye proteinasi K (kimeng'enya kinachoyeyusha protini) kwa nyuzi 55. Baada ya saa moja chovya ncha ya pipeti na uinue taratibu. Kimiminika kikivutika kama ute wa yai, damu ilizidi. Usikizungushe kwenye sentrifuji kwa matumaini; gawa mara mbili na uongeze bafa sasa hivi, maana baadaye hakitagawanyika.

Safu za silika sizipendekezi: huziba, na hukatakata DNA. Visahani vya sumaku ni bora. Tumia ncha pana za pipeti, usitumie vortex (mashine ya kutikisa), na DNA ikishatoka usiigandishe tena. Iache mezani siku mbili kwenye joto la chumba, kisha wiki moja kwenye friji. Ndiyo, wiki.

Kisha pima kiasi cha DNA kwa Qubit (kipimo cha rangi inayong'aa) mara tatu: juu, katikati na chini ya kijichupa. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya asilimia 15, bado haijayeyuka, na namba yoyote utakayoipeleka kwa wasomaji wa DNA ni ya kubahatisha. NanoDrop, inayopima kwa mwanga, ikisoma zaidi ya mara moja na nusu ya Qubit, kuna RNA au uchafu. Rangi ya kahawia ni mabaki ya hemoglobini: osha tena, kwa sababu huzuia vimeng'enya vya mashine.

Jeli ya kawaida ya agarosi hudanganya, kwa kuwa vipande vya kb 25 (kb moja ni herufi 1,000 za DNA) na vya kb 150 hukaa karibu mahali pamoja. Tumia jeli ya mapigo (umeme wake hubadilisha mwelekeo) au mashine ya Femto Pulse.

Hatua ya 4: Kusoma

Tumia HiFi ya PacBio, usomaji wa vipande virefu kwa usahihi mkubwa: vipande vya kb 15 hadi 18. DNA nzito huziba kifaa cha kukatia, hivyo izimue kwanza. Ongeza Hi-C, 40x au zaidi.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Tumia programu ya hifiasm; R1 na R2 ni faili za Hi-C:

`hifiasm -o ndege -t 32 --h1 R1.fq.gz --h2 R2.fq.gz hifi.fq.gz`

Jenomu itoke karibu na Gb 1.1 (herufi bilioni 1.1) hivi. Kabla ya kwenda mbele ondoa vimelea: damu ya ndege wa porini mara nyingi ina Plasmodium au Haemoproteus. Kontigi (vipande vilivyounganishwa) zenye GC (sehemu ya herufi G na C) chini ya asilimia 30 zitilie shaka. Ndege yuko kwenye 42 hivi.

Hatua ya 6: Ramani

Panga data ya Hi-C kwa `bwa mem -5SP`, endesha YaHS inayopanga kontigi kuwa kromosomu, kisha fungua ramani ya migusano kwenye programu ya PretextView uirekebishe kwa mkono. Hatua hii ya mkono usiiruke. Kromosomu ndogo ziko kwa makumi, na hugusana zenyewe kwa zenyewe ndani ya kiini, kwa hiyo programu huzishona pamoja kana kwamba ni moja. Tafuta miraba midogo kwenye kona ya ramani. Penye mstari mkali kati ya miraba miwili, kata. BUSCO, kipimo cha ukamilifu wa jenomu kwa kuhesabu jeni, haitakuonya, maana jeni nyingi za huko haizihesabu.

Ila usikate kila kinachotofautiana na zebra finch. Ukiwa na shore, mbayuwayu au ndege mwingine wa kundi la Sylvioidea, utaona kipande cha kromosomu 4A kimeungana na Z. Hilo si kosa la programu. Kiache.