Ute wa ndani ya mtungi: sugua kwanza, klorini baadae

Watu wangu wa Lamu, papasa mtungi wako wa plastiki wa maji kwa ndani hapo mdomoni, ukisikia utelezi jua huo sio udongo wa kisimani, ni bakteria washahamia na kujenga. Wengi tunatia klorini, tunasuuza, basi. Haitoshi.

Bakteria akifika kwenye plastiki mwanzo anagusa tu, hapo hata maji yaweza kumtoa. Ukimwacha anang'ang'ania kwa vinywele vyake, halafu yeye na wenzake wanatoa ute wa sukari na protini unaowagandisha pamoja, na hapo klorini inaishia juu juu, wa chini wanasalimika. Hata chombo cha baharini kikikaa majini hushika ute kwanza ndo vile vidude vya maganda vifuate, muulize yeyote anaekwangua mashua.

Sasa mtungi mdomo mdogo, mkono hauingii, kwa hivo tia kokoto ndogo zilizooshwa, maji kidogo na sabuni, funga, tikisa kwelikweli, geuza huku na huku mpaka kwenye pembe na ndani ya mkono wa mtungi, ndiko ute unakojificha. Mwaga, suuza, papasa tena, bado panateleza? Rudia. Ndo uje na klorini ya kufulia isiyo na marashi, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, tikisa ienee kote, sekunde 30 ndo chini kabisa mimi huiacha zaidi, mwaga halafu uache mtungi ukauke. Na jamani msichanganye na ndimu wala siki, inatoa gesi ya kukaba pumzi!

Birika ya chooni, lile tangi la maji, yenye samaki wa kula viluwiluwi vya mbu, watoe kwanza, klorini itawaua, kisha brashi ngumu, na usuuze sana kabla ya kuwarudisha.

Tena bakteria wa kipindupindu hujishika kwa vidudu vidogo vya majini, ndo maana kule Bangladesh watu walichuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, na utafiti uliotoka 2003 ukaonyesha wagonjwa walipungua karibu nusu. Leso kuukuu ya pamba tunazo. Ila kuchuja hakuui, bado uchemshe au utie dawa, na leso yenyewe uifue uianike juani maana walionaswa humo wako hai.