Ukifunga kipoza joto kipya kwenye kadi ya grafiki
Wengi huhangaika na chipu kubwa ya katikati tu. Chipu za memori zinazoizunguka, na zile za kudhibiti umeme, nazo huchemka, kwa hiyo zinahitaji pedi, yaani vipande laini vya kupitisha joto kutoka chipu hadi kwenye kipoza joto. Usitupe pedi kuukuu kabla ya kupima unene wake: mara nyingi ni milimita 0.5, 1 au 1.5. Ukiweka nene mno, kipoza joto hakitaigusa chipu ya katikati sawasawa, na joto litapanda papo hapo. Pasta ya kupitisha joto ipake nyembamba, ifunike chipu yote ya katikati. Skrubu nne zikaze kwa mshazari, kidogo kidogo. Chipu hiyo haina kofia ya chuma kama prosesa nyingi za kompyuta za mezani, ukibana upande mmoja kona humeguka. Na plagi ya feni isipoingia, usilazimishe: soketi ya kadi huwa ndogo kuliko ya ubao mama, tafuta waya wa kuunganishia.