Taa za uani kwa sola: anza na hesabu ya usiku

Taa za nje zinapozimika saa nane usiku, mara nyingi ni kwa sababu paneli ilinunuliwa kabla ya hesabu. Anza na taa. Taa 4 za LED za wati 5 zikiwaka saa 12 zinakula wati-saa 240. Mengine yote yanatokana na namba hiyo.

Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Ya volti 12, ampea-saa 100, hubeba wati-saa 1,200. Hesabu 600 tu, yaani usiku mbili na nusu. Akiba hiyo ni ya siku za mawingu. Ya lithiamu (LiFePO4) huvumilia kushushwa hadi 20%, kwa hiyo ampea-saa 50 zinatosha usiku mbili.

Kwa paneli, chukua saa 4.5 za jua kali kwa siku, kisha punguza 30% inayopotea kwa joto, vumbi na kuchaji: 240 ÷ (4.5 × 0.7) ni wati 76. Hizo zinarudisha kilicholiwa jana tu. Weka wati 120, ili mawingu yakipita betri ijae tena. Inamisha paneli angalau digrii 10 mvua iioshe, na ukate tawi lolote linaloitia kivuli: kivuli kidogo tu hupunguza umeme mwingi.

Tumia taa za volti 12 moja kwa moja, bila inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi). Inveta nyingi hula wati 10 hadi 20 hata zikiwa hazina kazi. Kwa saa 12 hiyo ni sawa na nusu ya matumizi ya taa zako, au yote. Kama nyumba tayari ina betri za volti 24 au 48, funga kifaa cha kushusha volti hadi 12. Usichukue volti 12 kutoka betri moja kati ya zilizoungwa mfululizo. Hiyo moja itachoka kabla ya wenzake.

Kontrola, yaani kifaa kinachosimamia kuchaji betri, ya ampea 10 yenye kuwasha taa giza likiingia inatosha. Unga betri kwanza, halafu paneli, mwisho taa. Ukifungua, rudi kinyume. Fyuzi ya ampea 15 ikae karibu kabisa na betri, na nyingine ya ampea 5 kwenye waya wa taa. Angalia pia volti ya kukata taa, yaani kiwango ambacho betri ikishuka hapo kontrola huzima taa. Kontrola nyingi huja zimewekwa karibu 11.1, na kwa mzigo mdogo kama huu betri ya asidi ikifika hapo imekwisha kabisa. Pandisha hadi 12.0.

Kwenye waya ndipo watu hubana matumizi, na ndipo taa ya mwisho hufifia. Kwa umbali wa mita 30, wati 20 zikiwa zote mwisho wa waya, waya wa milimita za mraba 1.5 hupoteza volti 1.2, 2.5 hupoteza 0.74, 4 hupoteza chini ya 0.5. Nunua ya 4. Ipitishe ndani ya bomba la plastiki, sentimita 50 chini ya ardhi, na viungo vyote viwe ndani ya boksi lisiloingiza maji, waya ukiingilia upande wa chini. Kabla ya kufukia, washa taa zote na upime volti kwenye ile ya mwisho.