Fundi bomba wa mtaani: namna ya kupata cheti cha VETA bila kuanza kozi upya

Juzi nilimsindikiza dogo mmoja wa Pasua, hapa Moshi. Ana miaka saba kwenye bomba na hana karatasi hata moja. Kazi anaijua, nimeshamwachia nyumba nzima nikaenda zangu Arusha. Ila kila mwenye jengo kubwa anamuuliza cheti.

Hatua ya 1. Nenda ofisi za VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ulizia urasimishaji ujuzi, fani ya ufundi bomba. Huo ni utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini. Fomu zinajieleza.

Hatua ya 2. Majina. Usicheke, hapa tulipoteza siku tatu. Cheti chake cha darasa la saba kina jina la ubatizo na la baba. NIDA, wa vitambulisho vya taifa, wakaongeza la ukoo, tena la kwanza limeandikwa kwa herufi tofauti. Barua ya mtaa ikaja na jina analoitwa saiti. Karatasi tatu, watu watatu! Fuata jina la NIDA, kwa sababu TIN (namba ya mlipa kodi) na usajili wa jina la biashara BRELA, wakala wa kusajili biashara, vyote vinasoma huko. Barua ya mtaa irudishe iandikwe upya, ni afadhali kuliko kuhangaika. Cheti cha shule huwezi kukigusa, kwa hiyo nenda kwa wakili akuandikie kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Soma kila herufi kabla hajagonga muhuri. Cha kwanza chetu kilikosewa herufi ileile tuliyoifuata! Na kama kosa liko NIDA kwenyewe, anzia huko kabla ya kujaza fomu yoyote.

Hatua ya 3. Kupimwa. Mikono haikutosha, jiandae kueleza. Nilimuuliza dogo bomba la PPR, lile la plastiki la kuunganisha kwa moto, la milimita 20 linakaa kwenye mashine ya kuchomea muda gani, akajibu, "Mpaka liive, kaka." Ni sekunde 5 kwenye joto la nyuzi 260, la milimita 25 ni sekunde 7. Bomba la choo la inchi 4 nalo mwinuko wake ni sentimita 2.5 kwa kila mita. Kwenye bomba la chuma mimi ni mtu wa uzi wa katani kuziba maungio. Tepu nyeupe ukirudisha soketi nyuma kidogo tu, inavuja.

Hatua ya 4. TIN, kisha leseni ya biashara halmashauri.

Cheti hiki hakikufanyi mkandarasi. Ukitaka kuchukua mikataba kwa jina lako lazima usajiliwe na CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, kwa sheria ya 1997, na huko wanaangalia wataalamu na vifaa ulivyo navyo. Na mita usiiguse hata ukiwa na cheti. Kabla ya mita ni kazi ya MUWSA, mamlaka ya maji ya hapa Moshi, na Arusha ni AUWSA. Wewe anzia upande wa mteja.